Picha ya Kumaliza Filamu

Picha iliyowekwa kando ya jeneza la Tabitha niliipiga mimi, na niliipiga ili kumaliza filamu. Sikuwa na nia nyingine yoyote. Watoto wake wameikuza mpaka ikawa na upana wa meza, wakaitia fremu ya mbao, wakaiegemeza kwenye kiti chini ya hema, na watu wote wa Ainabkoi waliokuja kumzika wakapita mbele yake wakitikisa vichwa. Ndani ya picha Tabitha ni msichana. Amechuchumaa kando ya mto, sufuria iko mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameunyoosha juu kabisa, kidole kimenyooka, povu la sabuni linamteremkia hadi kwenye kiwiko. Anacheka mdomo wazi. Mchungaji aliitazama, akatugeukia, akasema, "Muangalieni mwalimu wetu. Hata akiwa msichana, hata akiosha sufuria, alikuwa anatuonyesha mbinguni." Watu wakaitika amina. Mimi sikuitika. Nilikaa kwenye kiti changu cha plastiki nikauma ulimi, kwa sababu katika umati ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kidole kile kilikuwa kinaonyesha nini, na haikuwa mbinguni. Ilikuwa chini kidogo ya hapo.

Mniwie radhi, sitaanza na babu yangu. Kila mzee anayeandika siku hizi anaanza na babu yake, na ukifika kwa mwandishi mwenyewe umeshachoka, unataka kulala. Inatosha kujua kwamba mwaka ninaousema, mzungu mwenye shamba alikuwa ameuza akaenda zake, na shamba limenunuliwa na kampuni ya watu wetu waliochanga kutoka huko Murang'a na Nyeri. Mama yangu alikuwa na hisa moja. Shamba halikuwa limegawanywa bado. Sote tulikuwa tumejibanza kwenye nyumba za wafanyakazi wa zamani, tukisubiri savea aje apime, aweke bikoni, mawe ya mpaka, ndipo watu waokote baloti, yaani vile vikaratasi vya namba vinavyotolewa ndani ya kofia, kila mtu ajue kipande chake. Mimi nilipata chumba katika nyumba iliyokuwa ya karani wa shamba. Chumba cha pili alikuwa Tabitha, Mkeiyo wa upande wa Kaptagat, mwalimu wa shule ndogo ya pale shambani. Tulikuwa wasichana wawili tusioelewana kwa jambo lolote isipokuwa kucheka.

Nyumba ile naiona mpaka leo. Ukuta ulikuwa wa mabanzi, na ndani karani alikuwa amebandika magazeti ili kuzuia upepo, kwa hiyo ukilala ubavu unasoma habari za bei ya pareto. Jikoni palikuwa na jiko la kuni la chuma lililoachwa na mzungu, zito, mlango wake umeliwa na kutu, tukaufunga kwa waya. Tabitha alipika ugali mgumu wa kukatwa kwa kisu na kunde za kwao, na pembeni maziwa ya kibuyu, mursik, yenye mkaa. Mimi nilipika githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa. Kila mmoja alidhani chakula cha mwenzake ni adhabu. "Wewe Wambui, hii mahindi mzima mzima mnakula kama farasi," angeniambia, na mimi ningemwambia kwamba angalau farasi hali majivu. Halafu tunabadilishana sahani. Baada ya miezi michache nilikuwa siwezi kulala bila mursik, na yeye alikuwa anakwangua sufuria ya githeri hadi chini.

Kazi yangu ilikuwa Eldoret mjini, katika studio ya Mzee Njuguna. Nilikuwa naenda na lori la maziwa asubuhi na kurudi nalo. Mwaka ule Mzee Njuguna hakupata hata muda wa kujikuna, kwa sababu kila mwenye hisa katika kila kampuni alitaka picha ndogo ya kadi, na baada ya picha ndogo alitaka picha kubwa ya kutuma nyumbani ili waone amefika. Walisimama mbele ya kitambaa kilichochorwa simba. Simba yule, Ngai wangu, alifanana na mbuzi aliyeambiwa habari mbaya. Lakini watu walimpenda. Mzee Njuguna alinifundisha kupima mwanga, kuosha filamu, kukaa katika chumba cha giza bila kupiga chafya. Alipogundua kwamba mimi sipendi sana sura za watu, napenda kwenda porini kupiga ndege na miti, alicheka, kisha akaniazima kamera yake ya zamani na kunipa filamu moja kwa mwezi. Akanipa na sheria yake. "Msichana, picha ni kitu mtu hajaona. Kitu ameona, atalipia nini? Mtu ako na ng'ombe kwake, hawezi kununua picha ya ng'ombe. Niletee chui. Ukiniletea chui wa Kaptagat nitaweka hapa kwa dirisha, na jina lako chini."

Jina langu chini. Sijui kama kijana wa leo anaweza kuelewa maneno hayo yalinifanya nini, na simu yake mkononi inayompiga picha hata akipiga mswaki. Jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye cheti cha ubatizo na mahali pengine hakuna. Nilianza kumuota yule chui. Filamu ya mwezi wa kwanza niliimalizia kwa kuvizia radi, nikapata mawingu. Ya pili nilikwenda hadi ukingoni mwa bonde, mahali ardhi inakatika na chini unaona Kerio, nikapiga, na ilipooshwa ilikuwa mstari mmoja wa kijivu juu ya mwingine. Mzee Njuguna aliigeuza juu chini na hatukuona tofauti. Bado sikujifunza. Nilifikiri kosa ni kwamba sijaenda mbali vya kutosha.

Na nyumbani, nikitoka tu mlangoni, niteremke kidogo hadi mtoni, palikuwa na mstari wa miti ya podo. Mzungu hakuipanda, aliikuta. Ilikuwa mikubwa, ya kukumbatiwa na watu wanne, na juu yake waliishi mbega, wale kima weusi wenye mikia mirefu. Asubuhi jua likitoka, baridi ikiwa bado inauma masikio, walipanda hadi kwenye matawi ya juu kabisa wakakaa, wote wametazama upande mmoja, kimya, yale manyoya marefu meupe yamewaangukia ubavuni, kama wazee wa kanisa wanaosubiri ibada ianze. Hawakula, hawakuruka. Walikaa tu wakaota jua. Tabitha hakukosa kwenda kuwaangalia kabla ya kengele ya shule. Aligundua kwamba ukisimama juu ya kingo ya pili ya mto, karibu na mti ulioanguka, unakuwa sawa nao usoni. Alikuwa ananiita. "Wambui, amka! Kuja uone, kuna mtoto!" Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, nyinyi mnajua? Hana doa jeusi. Nilikwenda mara moja nikamwona, amekamatwa kifuani na mama yake kama kipande cha sufi. Nikasema ndiyo, ni mzuri, nikarudi kulala. Kamera ilikuwa imening'inia ukutani. Mbega! Nani hajaona mbega? Walikuwa hapo jana, na kesho watakuwa hapo.

Mzee Gathogo ndiye aliyetuletea habari. Alikuwa mwenyekiti wa kampuni, mtu mpole, mwenye kikohozi, akaingia jikoni kwetu jioni moja mvua ikinyesha, tukampa chai. Alikaa karibu na jiko akatueleza kamati ilivyoamua, na alieleza kwa furaha, kwa sababu walikuwa wamegombana juu ya jambo hilo wiki nyingi na sasa wamepata amani. "Mti mkubwa hauna mwenyewe mpaka savea aweke bikoni," akasema. "Akishaweka, ni wa mtu mmoja, na sisi wengine tumebaki na macho. Sasa kama podo zote zimeangukia kipande cha Kariuki, mbao zote ni za Kariuki? Hapana. Watu watauana. Kwa hivyo tunakata kwanza, tunagawana mbao sawasawa, halafu ndio tunaokota baloti. Hapo hakuna mtu atalia." Akanywa chai yake. Nimeyawaza maneno hayo maisha yangu yote na sijaona mahali pa kuyashika nikayaita ubaya. Ilikuwa haki. Watu walikuwa wametoka mahali ambapo ndugu wameuana kwa ajili ya mpaka, wakaapa kwamba hapa hawataanza hivyo. Na kwa sababu ya haki hiyo, hapakutakiwa kusimama hata mti mmoja.

Tabitha alisubiri mzee aondoke. Kisha akaweka mikono kiunoni. "Na wale wa juu?" akaniuliza. "Wataenda wapi?" Nikamwambia wataenda Kaptagat, msitu ni mkubwa. "Na watapita wapi, Wambui? Hapa katikati ni shamba tupu mpaka huko. Hawa hawatembei chini. Mbwa zitawamaliza." Alikuwa hana hisa, hakuwa hata wa kampuni, alikuwa mwalimu tu, na tena mwenyeji, na mwaka ule mwenyeji akisema neno juu ya shamba watu walikaza macho wakifikiri anataka kulirudisha. Alijua hilo kuliko mimi. Lakini mkutano wa mwisho ulikuwa Jumamosi, na yeye alikuwa ameshapanga. "Hawa wazee wanakuja na gari saa saba, jua kali, mbega wamejificha kwa majani wamelala. Hawajawaona hata siku moja. Wewe piga hiyo picha. Asubuhi, kutoka kwa kingo. Mama na mtoto. Mimi nitaweka kwa meza ya Mzee Gathogo, nitamwambia, Mzee, acha hizi za mtoni tu, zingine kata. Yeye ako na roho. Akimwona huyu mtoto atasikia."

Nilikuwa na filamu ya mwezi ule, na nilikuwa naiwekea chui. Wiki ile ile mlinzi mmoja wa msitu alikuwa ameniambia kuna chui anayerudi kwenye mzoga wa ndama, jioni, karibu na barabara ya Kaptagat, na kwamba akinipeleka nitamwona kama ninavyomwona yeye. Nilimwambia Tabitha nitafanya yote mawili. Tena niliamini. Asubuhi ya Jumatano kulikuwa na ukungu. Alhamisi alfajiri nilikuwa tayari njiani kwenda Kaptagat, na Tabitha amesimama mlangoni na kikombe mkononi akisema, "Sawa, lakini kesho, Wambui. Kesho ndio mwisho." Nikamwambia kesho. Nilikaa juu ya mti siku nzima na mlinzi yule, tukila viazi baridi. Jioni kitu kilikuja. Sikudanganyi, kilikuja, nilisikia mfupa ukivunjika. Nikapiga, nikapiga, nikapiga tena, mwanga ukiwa unakufa. Nililala kwa mlinzi na mkewe, na sikufunga macho kwa furaha. Nilikuwa naliona dirisha la Mzee Njuguna.

Nilifika nyumbani Ijumaa, mchana umeshaanza, na lori la mwisho la maziwa lilikuwa linapakia. Nilitaka chui wangu aoshwe siku hiyo hiyo. Kulikuwa na picha moja iliyobaki kwenye filamu, na katika kazi ile hutoi filamu kabla haijaisha. Mtu hupiga chochote, ukuta, kiatu, mbwa, ili tu isonge mpaka mwisho. Nikateremka mtoni kunawa uso. Tabitha alikuwa anaosha sufuria. Aliponiona na kamera akaruka kama mtoto. "Wako! Wambui, Mungu ni mkubwa, wako pale juu, wameteremka upande huu, na mama yuko na mtoto! Ona! Ona!" Akanyoosha mkono. Nikaangalia juu. Kweli walikuwa pale, lakini mbali, dhidi ya jua, na kamera yangu haikuwa na lenzi ya kuvuta. Nilijua watatoka nukta. Kupanda kwenye kingo ya pili kungechukua muda, na lori lilikuwa limeanza kupiga honi. Nikamwambia, "Kaa hivyo hivyo." Nikambonyezea yeye. Filamu ikaisha. Nikakimbia. Nyuma yangu nikamsikia akipiga kelele kwa furaha, "Wametoka? Wametoka?" Nikamjibu tutaona kwa studio.

Mzee Njuguna aliinua filamu ikiwa bado inadondosha maji, akaiangalia kwa taa. Aliangalia muda mrefu kwa adabu. "Hii ni gunia?" akauliza. Nikamwambia ni chui. "Aa," akasema. "Chui." Zote zilikuwa giza totoro, na katikati kitu kama gunia la makaa lililosahaulika barabarani. Halafu akafika kwenye ile ya mwisho akatoa sauti. "Haiya! Lakini huyu msichana ni nani? Hii ndio picha umepiga tangu uje hapa." Akanichapishia yeye mwenyewe, kwa karatasi nzuri, bila kuombwa. Nami nikasimama pale nikiitazama ikijitokeza ndani ya dawa, kwanza sufuria, halafu meno ya Tabitha, halafu mkono ukipanda, ukipanda, na juu ya kidole, pale karatasi inapokatika, hakuna kitu. Shina la mti, basi.

Jumamosi niliporudi, Tabitha aliinyakua kutoka mkononi mwangu kabla sijasema neno, mkutano umeanza, akaingia nayo katika ile sebule ya zamani ya mzungu walikokaa wazee. Mimi nilikuwa nagawa chai, nikabaki mlangoni na birika. Aliongea vizuri. Aliongea kwa heshima, habari ya mto utakaokauka, habari ya mama na mtoto, kisha akaiweka picha mezani kwa Mzee Gathogo bila hata yeye mwenyewe kuitazama. Mzee akavaa miwani. Akaitazama. Akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, na nikaona tabasamu likizunguka meza. "Mwalimu," Mzee Gathogo akasema, na hakuwa anamkejeli, "hii ni picha yako. Umetoka vizuri sana. Lakini hao wanyama wako wapi?" Tabitha akainama, akaweka kidole chake juu ya kile kidole cha kwenye picha. "Hapo juu, Mzee. Hapo ninapoonyesha." Mzee akasema taratibu, "Hapo juu picha imeisha, mwalimu wangu." Mmoja akacheka, wengine wakafuata, kicheko cha watu waliochoka wanaotaka kwenda nyumbani. Tabitha aliinua kichwa akanitazama pale mlangoni. Hakunikasirikia. Ningependa kuandika kwamba alinikasirikia. Alinitazama kama mtu anayeuliza tena lile swali la mtoni, wametoka?, na wakati huu ana jibu.

Walianza kukata Jumatatu. Msumeno wa mashine ulilia mpaka Alhamisi, na mbega walirudi nyuma mti kwa mti mpaka wakabaki kwenye mmoja wa mwisho, wamebanana. Nilikuwa na filamu mpya, Mzee Njuguna alinipa kwa huruma, lakini sikuthubutu kwenda nayo pale, sikuwa na uso. Mti wa mwisho ulianguka Tabitha akiwa darasani na madirisha yamefungwa, akiimbisha watoto kwa sauti kubwa. Baadaye tulisikia mbwa. Jioni ile alipika githeri, yeye Mkeiyo, akaniwekea sahani, tukala. Na sijui kama picha ile, ile nyingine, ambayo sikuipiga, ingeokoa kitu. Pengine wazee wangesema mtoto mzuri, halafu wakakata. Nimejiambia hivyo miaka yote hii. Lakini huwezi kujifariji kwa kitu ambacho hukukijaribu.

Tangu hapo nimepiga picha nyingi na nyingine ziliwekwa dirishani na jina langu chini. Sikupiga chui tena. Nilipiga korongo kwenye mashimo ya maji, magugu ya kando ya barabara, mbweha wa shambani, chura, ua la kiazi, vitu vilivyokuwa mlangoni mwa watu na ambavyo watu walidhani vitangoja. Wengi walisema mama huyu amekosa kazi. Wengine sasa wanakuja kuniuliza kama bado nina ile picha ya kidimbwi cha kwao kabla hakijazibwa. Na Tabitha, aliyeolewa hapo hapo Ainabkoi akazaa akastaafu, aliitundika ile ya sufuria kwenye ukuta wa sebule yake maisha yake yote. Kila nilipomtembelea nilichagua kiti cha kuupa ukuta ule mgongo. Alijua. Alinimiminia mursik.

Baada ya mazishi, watu wakiwa kwenye foleni ya chakula, binti yake Jerono alinishika mkono akanipeleka mbele ya picha. Ni mwalimu pia, mtu mzima, ana sauti ya mama yake. "Auntie, pastor amesema vizuri," akaniambia, "lakini mimi nilimuuliza mama mara nyingi alikuwa anaonyesha nini hapa. Alikuwa anacheka tu. Alikuwa ananiambia, muulize Wambui, yeye ndiye alikuwa na kamera." Macho yalinijaa pale pale, mbele za watu. Tazama mtu alivyo: miaka hiyo yote aliniwekea neno langu niliseme mwenyewe, na mimi nikakaa kwenye kiti kinachoipa picha mgongo. Nikamwambia, "Mbega, mwanangu. Alikuwa ananionyesha mbega. Walikuwa na mtoto mweupe." Jerono akasogea, akainama karibu kabisa na ukingo wa juu wa picha, juu ya kile kidole, akachungulia pale muda mrefu, kama mtu anayechungulia juu ya ua. Palikuwa na mbao ya fremu tu.